Simu Isiyojua Kunyamaza

Simu yangu ya zamani ilikufa kwenye beseni la maji ya pasi. Ilikuwa ya vitufe, nene, ikianguka unaihurumia sakafu, na nilikuwa nimeridhika nayo. Nilichotaka ni nyingine kama ile. Lakini siku hizi ukitaka kitu kilekile ulichokuwa nacho unaonekana mgonjwa, na binti yangu, ambaye amesoma na hapendi nilisahau hilo, alinishika mkono akanipeleka dukani kama anayenipeleka kliniki.

Muuza simu alikuwa mwanamume wa makamo, shati limembana kifuani mpaka vifungo vinaomba msaada. Nilitamani kumtolea mishono ubavuni palepale.

"Mama, hii ina kamera tatu," alisema.

"Za kupiga picha nini? Mimi nashona."

"Basi chukua hii, chaji yake inakaa siku nzima."

"Ya kwangu ilikuwa inakaa wiki."

"Lakini ya kwako imekufa, mama."

Hapo alinishinda. Akaona nimelegea, akahamia kwenye mitandao. Eti niache laini yangu, nihamie mtandao mwingine, bando lake halina mwisho. Binti yangu akadakia kwamba halina mwisho mpaka liishe. Nikawaambia wote wawili wanyamaze. Namba yangu imeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa chumba changu cha kushonea, wateja wameikariri, siibadilishi kwa sababu ya bando.

Tukachukua simu ya kupangusa yenye kioo kikubwa. Muuza simu akaweka laini yangu ya zamani na kuanza kuhamishia majina yaliyokuwamo. Akasimama. Akasoma, akasogeza, akasoma tena.

"Mama, samahani. Hawa ni watu au ni magonjwa?"

"Ni wateja wangu. Fanya kazi yako."

Mimi sishiki majina. Nashika miili. Simu ikilia na kioo kikiandika Halima au Zuhura, sijui kitu, maana ninao wengi wa hivyo. Ikiandika Kiuno Kinapanda, najua ni nani, najua gauni lake limefikia wapi, na najua nisikate kitambaa chake kabla hajaja kujaribu. Ndivyo nilivyofanya kazi tangu ninunue cherehani ya kwanza, na hakuna aliyedhurika, kwa sababu simu ilikuwa yangu na macho yalikuwa yangu.

Binti yangu alichungulia. "Na mimi umeniandikaje?"

"Mikono Mirefu."

"Mama!"

"Ni mirefu. Umeirithi kwa baba yako, kagombane naye."

Nyumbani ndipo mateso yalipoanza. Kile kibodi kilikuwa na maoni yake. Naandika neno langu la kila siku, chenyewe kinaniletea la kizungu na kuliweka kabla sijakubali. Nikiwa nimevaa subana, kile kikofia cha chuma kinachokinga kidole na sindano, kioo hakinitambui kabisa. Navua subana nijibu ujumbe, naivaa nishone, ujumbe mwingine huo. Halafu watu nisiowajua wakaanza kunipigia: nimeshinda zawadi, sijui nini. Kila mara naacha mguu wa cherehani nikidhani ni mteja. Nilikuwa na hasira kutoka asubuhi mpaka jioni.

Jirani yangu muuza vitambaa ndiye aliyeniambia kuna programu inayokuonyesha anayekupigia ni nani hata kama namba yake huna. Nikaiweka mwenyewe, bila binti, na nikajisifu. Ikauliza kama iruhusiwe kuona wanaonipigia. Ruhusu. Iruhusiwe kuona majina yangu. Ruhusu. Ikaleta maelezo marefu kuliko mkataba wa nyumba, maandishi madogo kama chawa, na chini yake neno Nakubali. Nani anasoma vitu hivyo? Nilikuwa na suruali ya mtu kwenye cherehani. Nikakubali kama ninayemjibu mtu anayebisha hodi.

Na kweli ilifanya kazi. Wale wa zawadi nikawa nawajua kabla sijapokea. Niliipenda ile programu mpaka siku aliponijia Mwalimu Mkuu, mteja wangu wa suruali.

Alifunga mlango kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Fundi, kila nikimpigia mzazi nisiyemzoea, ananicheka. Wiki iliyopita mmoja alinionyesha simu yake. Mimi huko ni Makalio Bapa."

Niliangalia cherehani.

"Mtu anayeweza kujua jambo hilo ni mke wangu au wewe," aliendelea. "Mke wangu nimeshamuuliza. Tumegombana wiki nzima."

Nilimpigia binti akaja mbio. Akaishika simu, akaitazama ile programu, akashika kichwa.

"Mama, umeiruhusu isome majina yote. Imeyachukua na kuyapeleka kwao. Sasa mtu yeyote mwenye programu hii akipigiwa na mteja wako, anaona ulivyomwandika wewe."

"Yote?"

"Yote."

Mwalimu Mkuu sikumfikiria tena. Maungo yake yaliweza kusubiri. Nilimfikiria Karani.

Karani ni rafiki yangu. Alikuwa mpiga chapa ofisini mpaka ofisi ilipofungwa, na jina la kazi likambakia. Zamani alianguka ngazini na bega la kushoto likateremka, halikurudi. Alipokuja kwangu mara ya kwanza baada ya ajali, alijaribu blauzi, akajitazama kwenye kioo changu kikubwa, akageuka upande wa ukuta. Hakusema kitu nami sikusema. Nilimtilia vimto vya pamba mabegani, ndani ya bitana, cha kushoto kinene zaidi. Akavaa, akageuka tena kwenye kioo, akacheka. Tangu hapo kila nguo yake naishona hivyo, na neno bega halijawahi kutamkwa kati yetu. Mwili wa mteja hausemwi, unashonewa. Ila kwenye simu, ili nisisahau kile kimto, nilikuwa nimemwandika Bega Bovu.

Na wiki hiyo ndiyo aliyokuwa anatafuta kazi. Alikuwa ameniambia mwenyewe: anapigia maofisi, anaulizia nafasi ya mapokezi, mahali ambapo mtu anatazamwa kabla hajafungua mdomo.

"Futa!" nilimwambia binti. "Futa sasa hivi!"

Akafuta programu. Nikamwambia abadilishe na jina. Akabadilisha. Nikashusha pumzi.

"Mama, hapa kwako limeondoka," alisema. "Kwao bado lipo."

"Kwao wapi? Nipeleke nikaongee nao."

"Hakuna mlango. Kuna ukurasa wa kuombea wakuondolee, unajaza, unasubiri. Na unaomba namba moja moja."

"Kukubali niligusa mara moja, kukataa nijaze kurasa?"

"Ndivyo walivyoitengeneza."

Nilisema maneno ambayo Mwalimu Mkuu alijifanya hakuyasikia. Maji yakimwagika hayazoleki, nalijua hilo, lakini anayemwaga beseni analiona likiinama. Mimi niligusa kioo tu.

Nilimpigia Karani. Hakupokea. Nikampigia tena, akakata. Nikataka kumwandikia, lakini kile kibodi kikaanza kunichagulia maneno, na msamaha wangu ukawa kitu ambacho hata mimi sikukielewa. Nikaitupa simu kwenye kikapu cha vipande vya nguo, nikachukua mkoba, nikaenda kwa miguu.

Alifungua mlango akiwa na kanga ya nyumbani. Bega lilikuwa wazi, limelala chini, na hakujaribu kulifunika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilipigia ofisi moja," alisema kabla sijamsalimu. "Bwana akapokea, akasema, 'Ndiyo, Bega Bovu, nikusaidie nini?' Alidhani ni jina la duka."

"Dada, ni ile simu. Niliruhusu bila kusoma."

"Simu haikuliandika. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Kwa hiyo siku zote ulikuwa unaliona."

"Mimi ni fundi. Nisipoliona mimi, nguo ingekukaaje?" Hasira ilikuwa imenipanda tena, sijui juu ya nani. "Unadhani mabega yako yanalingana kwa bahati? Ni vimto! Kila nguo nimekutilia kimto kinene upande huo!"

Nilipomaliza kusema nikajua ningepaswa kuuma ulimi.

Karani alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango.

"Hapa ndani nina kioo cha uso tu," alisema. "Kioo kizima nakiona kwako. Kila nikija kujaribu nguo, naangalia, naona mabega yamelingana." Alijigusa pale begani. "Mimi nilidhani limepona."

Nilikaa sakafuni, nikalia, na yeye akanitazama nikilia bila kunibembeleza. Ilikuwa haki yake.

Baadaye aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na blauzi nyeupe niliyomshonea kwa ajili ya maofisi. Aliivaa mbele yangu.

"Yule bwana ameniita kesho kwa mahojiano," alisema. "Fumua."

"Dada, kesho hiyo hiyo unataka..."

"Wameshaambiwa. Acha walione."

Fundi hatembei bila mkasi mdogo. Nilifumua bitana akiwa ameivaa, nikatoa vimto vyote viwili. Bega likashuka, kitambaa kikashuka nalo, na mkono wa blauzi ukamfika vidoleni.

"Unaning'inia," alisema.

"Naona. Simama vizuri nipime."

Nikatoa tepu mkobani. Miaka yote nilikuwa nampima upande huo haraka haraka, huku namsimulia umbea ili asiangalie mkono wangu uko wapi. Safari hii sikusimulia kitu. Nililaza tepu juu ya bega lake, polepole, kutoka shingoni mpaka linapoishia, na Karani akageuza uso akatazama.

"Soma kwa sauti," akasema.

Nikasoma.