Puto Lililopasuka Daftarini

Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha moja, nalo limepigiliwa mbao kwa nje. Askari alifunga mlango nyuma yangu, nikasikia ufunguo ukizunguka. Mezani kwa Meja kulikuwa na daftari la kituo chetu cha hali ya hewa, na mfuko wa nailoni wenye vipande vya mpira mweupe. Niliviweka humo mimi mwenyewe.

Kwenye benchi alikaa mdogo wangu, hana mkanda wala kofia. Kambini wanamwita Jicho, maana kwenye zamu yake hapiti hata panya. Jumanne asubuhi, akiwa lindoni, aliona kitu cheupe kimening'inia juu ya ghala la silaha, hakina mlio, hakina mabawa. Akapiga king'ora. Kambi nzima ikalala kifudifudi, mkuu wao naye akiwa na sabuni usoni. Kitu kikaingia mawinguni, kikapotea. Sasa walisema alikuwa amelewa, na kwa kulewa lindoni mtu hufungwa. Mkewe ana mimba ya miezi minane.

"Mtaalamu," Meja akasema, "kile kitu kinaweza kuwa puto lenu?"

Lilikuwa puto letu. Lilinichomoka mkononi nikilijaza gesi, limejaa nusu tu, likaenda zake taratibu kuelekea kambini. Puto likitoroka hivyo lazima kiwanja cha ndege kiarifiwe, na aliyelishika huandikiwa onyo. Mimi nilikuwa na maonyo mawili, na la tatu ni la kwenda nyumbani. Basi nikafanya tunachofanya wote pale kituoni. Nikaandika "limepasuka likijazwa," nikachukua vipande vya puto la mwezi uliopita, tunavyovificha chini ya sinki kwa siku kama hizo, nikavifunga viwe ushahidi. Tena kwa mwandiko mzuri, mjinga mimi.

Nilimtazama mdogo wangu. Midomo ilikuwa imemkauka. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

"Afande, ni puto letu. Nilidanganya kwenye daftari. Lilinitoroka."

Meja akafungua ukurasa. "Saa mbili na dakika kumi, limepasuka. Sahihi yako, na ya mkuu wa kituo." Akainua mfuko. "Na hivi?"

"Ni vya puto jingine, la zamani."

Akacheka kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza nguvu. "Mama, hata mimi nina dada. Angeniokoa hivi hivi."

"Waulize wenzangu!"

"Nimewauliza. Wote wameapa kwamba daftari lenu halijawahi kudanganya."

Wangesema nini kingine? Kila mmoja ana vipande vyake chini ya sinki. Nikamgeukia mdogo wangu. "Mwambie! Si lilikuwa la duara, na mdomo unapepea kwa chini?"

Jicho akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. "Dada, usijiharibie kazi kwa ajili yangu. Maputo yenu nayajua, nimeyaona miaka yote. Kile hakikuwa puto." Akanishika mkono. "Lakini asante. Nani mwingine angenidanganyia hivyo?"

Meja akanisogezea karatasi iliyokwishachapwa, kwamba daftari ni sahihi. "Bila sahihi hapa hatoki mtu."

"Tia, dada," mdogo wangu akasema. "Mke wangu yuko peke yake. Tia, uende ukamwangalie."

Nikaishika kalamu.