Inchi Mbili za Heshima

Bi Futi, fundi wa nguo za kike, alikuwa na uongo mmoja tu maishani mwake, na huo aliusema mchana kweupe, kwa sauti, mbele za watu. Chumba chake cha ushonaji hakikuwa na pazia. Mteja alisimama katikati, wenzake wamejipanga kwenye benchi wakisubiri zamu, naye Bi Futi akamzungushia futi na kutangaza namba ili mumewe, aliyekuwa mkataji, aiandike kule mezani. Mwenye kiuno cha inchi arobaini alitangaziwa thelathini na nane. Mteja alitabasamu, benchi likakosa la kusema, na nguo ilipokamilika ilimkaa vizuri, kwa sababu mume alizirudisha zile inchi mbili wakati wa kukata. Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza. Ndoa ina mambo yake.

Kisha bega la mume likaanza kumsumbua, daktari akampiga marufuku mkasi, na chumba kikabaki bila mkataji. Wakataji wazuri siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi, na wabaya wana maringo. Bi Futi alikuwa ameshaanza kufikiria kuuza cherehani zake, ndipo mpwa wake, binti wa kaka yake, aliyekuwa amesomea mambo ya kompyuta, akamjia na wazo. Vipimo vya wateja viingizwe kwenye mfumo, vihifadhiwe mtandaoni, na vikihitajika vitumwe moja kwa moja kwenye kiwanda kidogo cha mtaa wa pili chenye mashine ya kukata.

"Karatasi zinaliwa na panya, Shangazi," alisema. "Vikiwa kwenye mfumo, hata chumba hiki kiungue, vipimo vipo."

"Na chumba changu kiungue kwa nini?"

"Ni mfano tu, Shangazi."

"Basi tafuta mfano mwingine."

Walikubaliana kujaribu kwa kazi moja: sare za wauguzi wa kliniki iliyokuwa inafunguliwa Jumatatu. Zikipendeza, kliniki ingewapa sare za matawi yake yote, na cherehani zingeendelea kuimba. Zikiharibika, Bi Futi angefunga mlango na kurudi nyumbani kumkanda mumewe bega.

Basi wauguzi wakaja, wakapimwa kama ilivyo desturi. Bi Futi alitangaza, na binti, aliyeketi mahali pa mkataji na kishikwambi chake, akaingiza kila namba kama alivyoisikia. Mashine ikakata kama ilivyoambiwa. Washonaji wa Bi Futi wakashona.

Ijumaa wauguzi wakaja kujaribisha. Wa kwanza alikuwa matroni wao, mwanamke wa haja, mnene na mpole. Alivuta sare kulia, akaivuta kushoto, vifungo vikakataa kuonana. Wa pili zipu ilimgomea katikati ya mgongo. Wa tatu, mwembamba kama sindano, ilimkaa barabara. Wa nne akaanza kucheka, kisha akaona haifai.

Binti alipekua mfumo wake huku jasho likimtoka. Kila namba ilikuwa vilevile alivyoisikia. Hatimaye akainuka, akamgeukia matroni. "Samahani sana, Mama. Kosa litakuwa langu. Nadhani niliingiza vibaya."

Bi Futi alijua palepale kosa lilikuwa la nani. Angenyamaza, nani angejua? Mfumo ungelaumiwa, na mfumo hauna uso wa kuona haya. Lakini binti alikuwa nao, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Bi Futi akatoka barazani, akampigia mumewe simu.

"Zile inchi," alimwambia. "Ulikuwa unajuaje nani wa kumwongezea?"

Mume alicheka mpaka bega likamuuma. "Kwa sauti yako. Ukitaja namba kwa sauti tamu, najua umempaka mafuta, naongeza mbili. Ukiitamka kavu, nakata hivyohivyo. Kwani mashine haisikii?"

Bi Futi alikata simu. Alirudi ndani, akapiga moyo konde na kupasua jipu, mbele ya benchi zima.

"Huyu mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyempa namba za uongo. Sikutaka mtu aaibike hapa."

Aibu ilimshika Bi Futi mpaka masikioni. Matroni alimtazama, sare ikiwa imemkwama mabegani.

"Mimi nawapima watu uzito kila siku, Bi Futi," alisema taratibu. "Kilo za mgonjwa zikiandikwa za uongo, dawa humdhuru yeye. Kwa hiyo lazima nijue ukweli. Ila siutangazi ukumbini."

Binti akafuta macho. "Shangazi, ile stoo ya vitambaa ina mlango?"

Ilikuwa nao. Wakatoa marobota, wakaingiza taa, na kila muuguzi akapimwa upya humo ndani, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hakuna aliyetangaza. Binti aliingiza namba kimyakimya, akampa mwenyewe kishikwambi aione na kuikubali kwa kidole chake. Halafu akaongeza swali ambalo mfumo haukuwa nalo: unapenda nguo ikukae vipi?

Matroni aliitazama namba yake kwa muda mrefu. "Miaka yote nikinunua nguo kwa namba ninazotangaziwa na mafundi, zinanibana," alisema, "na miaka yote nimeuchukia mwili wangu. Kumbe mwili haukuwa na tatizo." Bi Futi akakunja futi, akashindwa kumtazama usoni.

Bahati nzuri, Bi Futi hakuwa bahili wa kitambaa. Alikuwa ameagiza mishono iachwe mipana. Wakafumua, wakatanua, Jumamosi ikaishia kwenye cherehani. Jumapili matroni alivaa sare yake, akainua mikono yote miwili juu kama anayetundika chupa ya dripu. Hakuna kilichochanika. Akashusha mikono, akaiinua tena, safari hii kwa raha zake tu.

"Nitawaleta wa matawi yote," alisema. "Ila wote wapitie kwenye stoo."

Wauguzi walipoondoka, binti alisogeza kiti karibu na shangazi yake. "Kimebaki kitu kimoja. Mfumo unataka kujua nani anaruhusiwa kubadilisha kipimo cha mteja. Nimekuandika wewe, kwa kuwa ndiye mkuu."

Bi Futi alisoma jina lake pale kwenye kioo. Lilipendeza, hawezi kukataa. Aliwakumbuka wanawake wote waliotoka chumbani humo wakitabasamu kwa namba ambazo hazikuwa zao.

"Nifute," alisema. "Mwandike mwenye kiuno."