Mguu wa Mwenyekiti

Papai lake la sadaka lilipowekwa mezani kwa mnada baada ya ibada, ndipo Nzilani alipoitambua karatasi aliyolifungia. Asubuhi alikuwa amechelewa, akachukua karatasi ya kwanza iliyomjia mkononi. Sasa aliona wino umepenya hadi upande wa nje. Ndani mlikuwa na mchoro wake wa darasa la jioni kule Machakos mjini: mwenyekiti wa kanisa, Mzee Urbanus, amechorwa kwa kejeli. Naye Mzee Urbanus ndiye aliyekuwa akinadi.

Mwalimu Wendy, mwenye umri wa binti yake Mutanu, alikuwa amewaambia, "Mstari una sauti, Mama. Kandamiza kalamu pale unapocheka, ilegeze pale unapohurumia."

Jioni hiyo Nzilani aliomba kwanza, kama kawaida yake, kisha akachovya kalamu. Mdomo uliosoma matangazo kila Jumapili hadi watoto wakalala aliuchora kwa mstari mnene, mweusi ti, ukatokea mpana kuliko mabega. Tumbo likafuata kwa mkunjo mmoja bila kuinua mkono. Darasa zima lilicheka. Leo aliona miaka yake yote ya kwaya ikiishia kwenye papai.

"Bwana, nifunike," aliomba kimoyomoyo.

Mzee akafungua. Akatazama.

"Mwenyekiti, huyo si wewe?" Mama Kavindu alichungulia kutoka benchi la mbele. "Hilo domo litameza papai na meza yake!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Kidole chake kilifuata mstari hadi chini.

"Nani amenileta mnadani?"

Nzilani akasimama. "Ni mimi, Mzee. Nisamehe."

"Mama Mutanu, huu ni mguu wangu mbaya." Tangu aanguke mtaroni shambani alichechemea, na watoto wa sokoni walimwiga. "Mbona hauonekani vizuri?"

Kweli, ulikuwa mstari mwembamba kama unywele, umegusa karatasi kidogo tu.

"Huo sikuweza kuucheka, Mzee."

Kicheko kikamtoka Mzee, kikubwa kama ule mdomo wa karatasini.

"Mwingine angeanza na huo! Haya, papai nanadi. Picha ni yangu. Lakini Mama, kwa tumbo umenionea!"

Nzilani aliketi, pumzi zikamshuka. "Asante, Bwana," alinong'ona, akijifuta viganja kwa leso.

Jumapili iliyofuata, matangazo yalikuwa mafupi.