Utando Uliokwanguliwa

Watu wa Mikumi wanadhani fundi Mathias ndiye aliyebuni ngao ya kuchomelea inayojigeuza giza yenyewe. Si kweli. Niliibuni mimi, Amon wa Kimamba, mtu ambaye Mathias alikuwa akimtuma maji ya kunywa.

Kabla ya kuchomelea chasisi za malori kwenye gereji yake kando ya barabara kuu, nilikuwa mtunza maabara wa sekondari moja kule Kilosa. Pale gereji mafundi walichomelea kwa miwani ya jua ya mnadani na jioni wakarudi nyumbani macho yanachuruzika. Nikaona ni ujinga, nikatoa Jumapili zangu za mwaka mzima. Kwanza nilitengeneza kioo kinachopitisha mwanga mpaka cheche iwake. Hapo sensa niliyoing'oa kwenye kalkuleta inakipa umeme, nacho kinakuwa cheusi kabla hujapepesa. Hicho ndicho kila mtu alikishangilia. Kilichonitesa ni kitu cha pili, utando wa madini ya fedha kwenye kioo cha mbele, mwembamba kiasi cha kuona ng'ambo, lakini unaorudisha nyuma ule mwanga wa joto ambao jicho haliuoni. Niliupaka kwa dawa za maabara na sukari. Ukizidi unene, umepata kioo cha kinyozi. Ukipungua, huna kitu. Niliharibu vioo arobaini na kimoja.

Raheli, binti wa Mathias, ndiye aliyekuwa akiniosha vioo hivyo kwa maji ya kuchemsha. Alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna fundi pale aliyechomelea mstari ulionyooka kama wake. Aliniita kaka. Nalisema hili ili ujue nilijua vizuri ni nani niliyemtendea haya.

Siku moja nikaona tangazo la maonyesho ya wabunifu Kilosa. Ngao yangu ilikuwemo, kwa jina la Mathias.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Ile ngao. Jina langu halipo."

"Gereji ya nani, Amon? Umeme wa nani? Wewe shukuru unakula." Akaichukua ngao mezani. "Halafu ule uchafu wako unaong'aa nimeukwangua kwa wembe. Ulikuwa unatia ubuluu, wateja wangecheka."

Akaielekeza kwenye jua, kama mafundi wote wa pale wanavyopima miwani. Kioo kikawa cheusi, jua likabaki kiduara kisichoumiza. "Umeona? Kizima hiki."

Kwao kilicho cheusi kinalinda, basi, mjadala umekwisha. Sentensi moja kutoka kwangu, kwamba weusi hauzuii joto, ingetosha. Nikasema, "Sawa, fundi."

Nilikuwa na hesabu zangu. Maonyesho yalikuwa ya siku tatu, na Mathias angechomelea mbele ya wakubwa wa wilaya kutwa nzima. Niliyafikiria macho yake yakiungua, nikala sahani mbili za wali kwa raha zangu.

Asubuhi ya kwanza pale Kilosa akamwita Raheli. "Fundi mzee nani atamtazama? Vaa wewe, mwanangu. Wakubwa watapenda."

Raheli akavaa. Aliniona kwenye umati akaninyooshea dole gumba. Kipaza sauti kikamtangaza: binti mbunifu kutoka Mikumi. Nikaona wivu. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, na nikajiambia kwamba siku moja haiui jicho.

Jioni nikamfuata. "Macho vipi?"

"Safi, kaka. Hata chozi halijanitoka. Ngao yako kiboko!"

Nilijua joto lile linaunguza nyuma ya jicho pasipo maumivu, nimelisoma: mwenye miwani hafifu hukwepa mwanga, mwenye kioo cheusi huukodolea. Lakini alivyocheka vile nikaingiwa na shaka iliyoniuma kuliko hasira. Labda utando wangu haukuwa na kazi yoyote. Labda vioo arobaini na kimoja niliviharibu bure. Nasema ukweli wangu: siku ya pili sikunyamaza kwa kumchukia Mathias. Nilinyamaza ili nipate jibu.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Raheli alikuwa akiunga bawaba ya geti, na mstari wake ukaacha njia. Akasimamisha kazi, akafuta kioo kwa kanga. Akaanza tena, mstari ukapinda tena. Akafuta mara ya pili, kwa nguvu.

"Baba, kioo kina doa katikati."

Akaivua ngao ili alitazame vizuri. Kisha akamtazama baba yake, akamtazama mwenye kipaza sauti, akatazama viganja vyake. Doa lilikuwa juu ya kila kitu.

Nilifurahi. Kabla ya huruma na kabla ya hofu, nilifurahi, kwa sababu kumbe utando wangu ulikuwa na kazi.

Mathias alipewa cheti. Daktari wa macho wa Morogoro alisema palipoungua hapaponi. Raheli anaona pembeni tu. Ukimwekea sahani anaona ukingo wake, ukimwandikia jina lake hawezi kulisoma.

Mwezi uliopita alikuja gereji akaketi juu ya tairi karibu na mimi.

"Kaka Amon, baba ameniambia aliukwangua ule utando. Ulijua nitaumia?"

Usoni, nina hakika, kila kitu kilikuwa wazi, mtoto mdogo angekiona. Raheli akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akijaribu kuninasa kwa pembe ya jicho. Kila alipoupata uso wangu, aliutazama moja kwa moja, kama mtu yeyote anavyofanya, na ukapotelea ndani ya doa.

"Hapana, mdogo wangu," nikasema. "Sikujua."

Akashusha pumzi. "Nilimwambia baba. Nilimwambia, Amon angejua angesema."

Kisha akasimama, akanipa mkono nimvushe barabara.