Gari Linaniuma

Baba alinipigia simu Jumapili saa tatu asubuhi. "Chaja imegoma," alisema. "Njoo na mita yako ya kupimia umeme, yangu imezeeka."

Mita yake ilikuwa na mwaka mmoja. Mimi ndiye niliyempa. Lakini mtu aliyefunga umeme katika nusu ya nyumba za mtaa ule, ambaye majirani wote humwita Fyuzi, anahitaji kisingizio cha kumwita binti yake, hasa binti huyo anapokuwa fundi pia. Mimi hutengeneza lifti.

Gari lenyewe ni dogo, la umeme, limetumika. Mdogo wangu wa mwisho alilituma kutoka anakofanya kazi ili mama apelekwe kliniki. Figo za mama zimekufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa husafishwa damu kwa mashine, kwa muda wa saa nne kila mara. Lakini Jumatano iliyopita alikataa kuingia garini. Alisema linamuuma. Baba akampigia daktari simu, mama akiwa amekaa palepale, akamwambia kwamba mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa. Daktari alijibu kwamba uchafu ukizidi kwenye damu hupanda kichwani, akaliandika hilo kwenye faili. Ijumaa baba alileta teksi. Mama hakuinuka kitini.

"Sitoki humu ndani," alisema, "mpaka mtu alitazame lile gari."

"Nimelitazama," baba akamjibu.

"Mtu mwingine."

Hivyo nilipofika alikuwa amekaa siku sita bila kusafishwa. Daktari alishasema kwamba Jumatatu ikimpita, tusihesabu Jumatano.

Nilimkuta sebuleni, miguu juu ya stuli. Nilibonyeza kifundo kwa kidole na shimo likabaki. Hakuna kiatu kilichomwingia tangu mwezi uliotangulia, hata kandambili za baba. Alikuwa akivuta pumzi kwa awamu, kama mtu anayepanda ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeitwa kunitazama mimi au chaja?"

"Chaja."

"Afadhali. Mimi nimeshatazamwa vya kutosha."

"Linakuumaje?"

"Kama siafu. Hapa, mkononi, nikishika mlango. Halafu linashuka mpaka nyayo." Alinitazama kuona kama nitatazamana na baba. Sikutazamana naye.

Chaja ile ni ya kubeba: waya mrefu, plagi ya kawaida upande mmoja, kichwa cha kuingia garini upande wa pili, na katikati kiboksi cha ukubwa wa tofali dogo chenye taa. Kiboksi hicho kabla ya kupitisha umeme huikagua kwanza soketi. Kikiridhika huwasha kijani. Kisiporidhika huwasha nyekundu, na namna inavyowaka inaeleza kasoro ni ipi.

Baba alikuwa ameichomeka kwenye soketi ya uani, nje ya ukuta wa jikoni. Nyekundu, vimulimuli vinne, kimya, vinne tena.

"Kiboksi kimeoza," baba alisema. "Vitu vya siku hizi ni sanduku la maneno tu."

"Kijitabu chake kiko wapi?"

"Kijitabu! Mimi nilianza kazi hii kabla waliokiandika hawajaota meno."

Kijitabu kilikuwa ndani ya gari, bado kwenye nailoni yake. Vimulimuli vinne: nguvu ya umeme inashuka wakati wa kuchaji. Nilichomoa, nikachomeka upya. Ikawaka kijani, gari likaanza kuchaji, na baada ya dakika nne ikarudi nyekundu. Nilirudia mara mbili nikiwa na saa mkononi. Dakika nne, dakika nne na nusu.

Kisha nilisogeza gari karibu na dirisha la sebule, nikapitisha plagi dirishani na kuichomeka kwenye soketi ya ndani. Hapo haikungoja hata sekunde. Nyekundu, imetulia, haimeti. Kijitabu kilisema: soketi haina ethi, yaani ule waya wa tatu unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia ili usipitie kwa mtu.

Nilijaribu chumbani kwao. Vilevile. Chumba kilichokuwa changu, vilevile.

Nilirudi uani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafikiri kwa utaratibu. Soketi zote za nyumba zinatoka kwenye bodi moja ya fyuzi. Ndani, ethi hakuna. Uani, kiboksi kinasema ipo. Soketi ya uani imeitoa wapi?

Nilipoinua macho baba alikuwa akifuta miwani kwa pindo la shati. Ilikuwa safi.

"Baba, soketi hii ulishaifungua?"

"Soketi zote humu nimezifungua mimi. Nimezifunga mimi."

"Hivi karibuni?"

"Wewe pima, mwanangu. Si umekuja kupima?"

Nikapima. Nilirudisha gari mahali lilipokaa kila siku wakati wa kuchaji, kando ya bomba, ambapo saruji haikauki. Nilichomeka bisibisi ndefu kwenye udongo wenye maji penye ufa, nikaunganisha mguu mmoja wa mita hapo na mwingine kwenye kitasa cha mlango wa abiria. Chaja ikiwa imezimwa: sifuri. Nikawasha. Namba zilipanda, zikatulia kwenye volti arobaini na moja. Nikazima: sifuri. Nikawasha: arobaini na moja.

Nilimwonyesha mita. Alisoma, akaangalia pembeni.

Nilizima swichi kuu na kufungua soketi. Nyuma yake, kati ya mdomo wa nyutro, waya unaorudisha umeme, na mdomo wa ethi, kulikuwa na kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole gumba. Ncha zake zilikuwa zimekunjwa mara mbili kabla ya kubanwa na skrubu. Kila fundi ana mkono wake. Mimi nilifundishwa kukunja hivyo na mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Ulikidanganya kiboksi kione ethi isiyokuwepo," nilisema.

"Kilikuwa kinakataa! Siku ya kwanza tu gari limefika, kinakataa. Mama yako ana kliniki, mdogo wako anapiga simu kila saa anauliza gari linaendaje. Ningefanya nini?"

"Ethi ya nyumba iko wapi? Ulichimbia fimbo ya shaba nyuma ya jiko. Niliishika mimi ulipokuwa unaigonga."

"Tulipomwaga saruji hapa nyuma, ilikuwa katikati. Nikaikata. Nilikuwa niweke nyingine upande wa pili."

"Saruji hii ina miaka kumi na tisa."

"Taa zilikuwa zinawaka. Friji inagandisha. Mambo yakienda, nani anakumbuka waya wa tatu?"

Nilikwenda kwenye bodi. Skrubu ya nyutro ilikuwa imelegea na plastiki kuizunguka imeungua rangi ya chai. Kila chaja ilipovuta umeme, kiungo kile kilipata moto, na volti zilizokosa njia pale zilipitia kipande cha baba hadi kwenye bati la gari. Kingelegea zaidi kidogo, isingekuwa arobaini na moja. Ingekuwa mia mbili na thelathini. Nilimweleza hivyo kwa sauti ile ninayotumia kazini, ingawa alikuwa akijua.

"Mimi nalishika kila siku," alisema. "Sijawahi kuhisi kitu."

"Unavaa nini?"

Alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa buti za raba, kama siku zote.

"Na yeye?"

Ilibidi nimalize mwenyewe. Betri ya gari ni chovu, kwa hiyo chaja ilibaki imechomekwa mpaka dakika ya mwisho. Mama alitangulia kuingia, pekupeku kwa sababu ya uvimbe, akikanyaga saruji yenye maji, akishika kitasa. Ndipo baba alipokwenda kuchomoa. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki tano.

"Alipokwambia linamuuma," nilimuuliza, "hukufikiria waya huu?"

Baba alikaa juu ya ile ndoo. "Nilifikiri," alisema. "Halafu nikaacha kufikiri. Daktari aliposema ni kichwa, nikashukuru. Unasikia? Nilishukuru."

Nilikitoa kipande nikakiweka kiganjani mwake. "Mwambie wewe. Mimi nikimwambia, atakuwa ameaminiwa na fundi tu."

Aliingia ndani na buti zake, jambo ambalo mama hakuwahi kuliruhusu. Nilisimama mlangoni. Alimwambia kwa sentensi tatu, bila kisingizio. Nampa haki yake kwa hilo. Mama alichukua waya, akaugeuza kwenye mwanga.

"Kadogo hivi," alisema. Kisha, baada ya pumzi mbili: "Kwa hiyo sikuchanganyikiwa."

"Hukuchanganyikiwa."

"Na daktari umemwambia nini?"

"Nitamwambia upya."

"Faili haina upya, baba watoto." Alimrudishia waya. "Kesho nitakwenda. Lakini si kwa gari lile."

Niliita teksi kwa ajili ya Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ya mafuta. Usiku ule mama alilala ameketi. Akilala chali pumzi zilikatika. Teksi ilipokuja alitembea mwenyewe hadi uani, hatua kumi na moja, nikamshika kiwiko. Mbele ya mlango wa gari mkono wake ulisimama hewani. Alijua kwamba ni gari jingine. Alijua kwamba halikuunganishwa na chochote. Mkono haukwenda.

"Mama, gari langu halina shida," dereva alisema, akicheka kidogo. "Shida yake ni tairi tu."

Baba aliinama, akavua buti, soksi zikafuata, akasimama pekupeku kwenye maji ya bomba na kuweka viganja vyote viwili kwenye mlango. Alibaki hivyo. Mama alimwangalia usoni muda mrefu kuliko uliohitajika kwa kipimo chochote.

"Basi," alisema mwishowe. "Fungua."

Walimsafisha siku hiyo na siku iliyofuata, mfululizo. Maji yalikuwa yamefika kwenye mapafu. Yalitoka. Moyo, daktari alisema, ulikuwa umevutwa kupita kiasi kwa wiki ile na hautarudi ulivyokuwa. Tangu sasa asipande ngazi, na sisi tusipange mambo ya mbali. Nilimuuliza, kama mama angekuja Jumatano ile ya kwanza, ingekuwaje. Alisema swali hilo halina jibu la kitabibu. Nadhani alikuwa na jibu.

Alipotolewa wodini siku ya sita, karani alijaza fomu. Sababu ya kukosa matibabu mara mbili?

"Gari lilikuwa linampiga umeme," baba alisema. "Mimi ndiye niliyelifunga vibaya. Yeye alisema, sikumsikiliza."

Karani alimtazama, akatazama mstari wake. "Mzee, hapa kuna nafasi ya maneno matatu."

Akaandika: Tatizo la usafiri.

Mama, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliomba aione. Alisoma, akamrudishia karani. "Iache hivyo," alisema. "Hawakuandika kichwa." Kisha akageuza uso upande wa mlango, na baba akaanza kusukuma.