Mkono Juu ya Pampu

...na amesema kitu tena huko nyuma ya boneti, kitu kinachoishia na "ia", imelia, imeingia, imetulia, yote yanaishia hapo hapo, na mimi nimeinamia injini ya gari la mkunga, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko kati ya betri na bomba la maji, najibu "eeh", ile eeh yangu isiyo ndiyo wala hapana, ya kununua muda, nasubiri bintiangu aseme jingine nipate pa kushika, maana boneti limeinuliwa na limemficha, siuoni mdomo wake, kupitia ule mwanya mwembamba chini ya boneti naona kiganja chake tu, kiganja kwenye mkono wa gia, na kiganja hakisemi... mkunga yuko kushotoni kwangu, yeye sauti yake ni nene, inafika, inafika vipande vipande lakini inafika, anasimulia tena habari ya pale kwenye mzunguko wa barabara, kana kwamba sikuisikia asubuhi, na kweli nusu yake sikuisikia, kwamba gari lilikuwa linakwenda vizuri, mama mjamzito amelala kiti cha nyuma, uchungu umeshakolea, halafu taa ya gia ikawaka, injini inanguruma lakini magurudumu hayana habari, gari limejitia nyutro lenyewe katikati ya magari, limekataa moja, limekataa rivasi, na mtoto hakusubiri fundi, akazaliwa pale pale kwenye kiti cha nyuma, honi zinapigwa pande zote, na mkunga anacheka anaposema kwamba nyumbani kwao wameshampa jina la utani, wanamwita Nyutro, mzima, ana mapafu ya mpiga tarumbeta, na mimi nacheka pia, nimechelewa kidogo, nimecheka baada ya kumwona yeye anacheka... mzima, amesema mzima, hilo nimelisikia, nimelishika, lakini mkono wangu huku chini umelowa jasho, kwa sababu gari hili lilitoka hapa, lilitoka mikononi mwangu, nikampa ufunguo nikamwambia nenda mama, halina neno tena.

Na halikuwa na neno, nililisikiliza mimi mwenyewe, siku hiyo nilikuwa peke yangu, bintiangu alikuwa amekwenda kwenye mafunzo na kompyuta yake, nikafungua kisanduku cha fyuzi nikakuta rilei ya pampu, kile kiswichi kinachoipa umeme, imeungua, nyeusi kama mkaa, nikaweka mpya, gia zikaingia zote, laini, nikafurahi kama mtoto, na gari la aina hii ndivyo lilivyo, giaboksi ni ya manyuo kabisa, ina klachi na meno kama giaboksi nyingine yoyote, ila dereva kanyang'anywa pedali ya klachi, mguu wake wa kushoto umestaafishwa, kazi yake inafanywa na mafuta yenye presha, pampu inayajaza kwenye kitungi cha chuma, kitungi kinaishika presha, kompyuta inachota kidogo kila gia inapobadilishwa, na kitungi kikiwa kizima pampu inalala, inaamka mara moja moja tu, inalia kidogo, inalala tena, lakini kikichoka hakishiki kitu, pampu inafanya kazi ya punda, kila gia inaamka, inachemka, inaunguza rilei... najua haya, nimewafundisha watu haya, rilei haiungui kwa kupenda, na ndiyo maana siku ile nilifungua mlango wa dereva, hapo ndipo pampu huamka ikiwa presha imeshuka, nikategesha sikio, kimya, nikabadilisha gia, moja, nyutro, rivasi, nyutro, kimya, nikasema kitungi kizima, pampu imelala, ni rilei tu ilikuwa imezeeka, nikafunga boneti... kimya. Sasa vidole vyangu viko juu ya pampu yenyewe na kiganja cha bintiangu kimesogea, kimeingiza moja, na chuma kikatetemeka chini ya vidole, kikatetemeka kama paka anayekoroma, kikaacha, kiganja kikarudi nyutro, chuma kikatetemeka tena, rivasi, tena, kila gia, kila gia pampu inaamka, na masikioni mwangu hakuna kitu, injini imezimwa, swichi tu ndiyo imewashwa, hakuna kelele ya kusingizia, nasikia mkunga anahema, nasikia lori kubwa linapita barabarani, na chini ya vidole vyangu pampu inapiga kelele na siisikii.

Basi ilikuwa inalia siku ile pia. Ililia nimeiinamia na sikio langu hili hili. Gari liliniambia kila kitu na mimi nikasema kimya... halafu nikampa mkunga ufunguo, na yule mama na uchungu wake, na honi, na kama lori hili lingekuwa linashuka pale kwenye mzunguko, hapana, mzima, amesema mzima, ana mapafu... televisheni za siku hizi zinanong'ona, ndivyo ninavyomwambia mke wangu, naye ananiuliza mbona inaninong'onea mimi tu, majirani wote wanafuata taarifa ya habari kutoka sebuleni kwetu, na simu naiweka spika, nasema mikono ina grisi, hata siku ya mapumziko, mikono misafi imetoka kuoga, nasema ina grisi, na harusini nakaa karibu na ukuta, natikisa kichwa watu wakitikisa, shemeji yangu alinisimulia msiba nikamwambia hongera... lakini vidole vinasikia, angalia, vidole vimeipata pampu bila sikio, naweza kwenda hivi hivi, nani atajua, nitashika kila kitu, beringi nitaishika kwa bisibisi kwenye kiganja, injini nitaiwekea mkono, fundi wa kushika badala ya fundi wa kusikiliza, wateja watasema mzee ana mikono ya ajabu, miaka kumi mingine naweza kupata, kumi na...

"Baba, imelia?"

Hii nimeipata yote, ameinama karibu na dirisha labda, imelia, anauliza pampu imelia, na mimi nimefungua mdomo niseme imelia, kila gia inalia, vidole vinanipa jibu, ni kweli wala si uongo, halafu mkunga kando yangu akanitazama, akatazama pampu, akanitazama tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeshangaa swali, kwa sababu yeye mkunga, asiyejua pampu wala kitungi, ameisikia, imeingia masikioni mwake wazi kama nzi kwenye chupa, na kama yeye ameisikia akiwa amesimama nje, basi bintiangu aliyekaa ndani ya gari, ambako huo mlio hupita kwenye bodi lote mpaka chini ya kiti... yeye haulizi ili ajue. Anajua. Ameshajua pampu inalia, kompyuta iko mapajani pake inamwonyesha presha inavyoporomoka, basi kwa nini ananiuliza, anauliza gia baada ya gia, imelia, baba, imelia, polepole, na ananisubiri... amejua sisikii tangu lini, tangu ile siku ya lifti ya kuinulia magari, nilikuwa nimeshika swichi nashusha gari na yeye alikuwa amerudi chini yake kuokota nati, akapiga kelele, lazima alipiga, mchomeleaji wa jirani alizisikia akiwa ng'ambo ya uzio, akaja mbio akaudaka mkono wangu, na mimi nikasema kompresa inanguruma mno, mtu hasikii kitu humu, na kompresa ilikuwa imezimwa, ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, na bintiangu alikuwa amejikunja chini pale na chuma kimefika kwenye bega lake, akatoka, akapangusa magoti, akasema "sawa, baba", na toka hapo kila ninaposhika swichi ya lifti yeye huja kusimama mbele yangu ninapomwona, anasema anapumzika mgongo, na mimi nimekuwa nikimwambia mama yake kwamba huyu mtoto ameanza uvivu, nimesema hivyo mezani, mbele yake, uvivu, na yeye akaendelea kula... na anasimama kushotoni kwangu, kila mara kushotoni, sikio lenye nafuu, nilidhani ni mazoea, na siku hizi akiwa na neno la maana hunigusa kwanza kwenye mkono, nilidhani amekuwa na upole wa mtu mzima, Mungu wangu, mtoto amenibeba muda wote huu kama yai na mimi nadhani natembea.

Mkunga ameuliza, nimemwona mdomo, anauliza je leo litatoka, maana kuna mama mwingine upande wa kilimani ambaye siku zake zimetimia, na zamani ningesema litatoka, ningeangalia uso wake nikaona anataka ndiyo nikampa ndiyo, lakini nimemwambia, "Halitoki leo. Kitungi kimekufa, na pampu imechoka kwa ajili yake. Kilikuwa kimekufa hata siku ile nilipokupa ufunguo," na uso wake umekaza, halafu akasema kitu kifupi, kizito, nimekisikia chote, "Na ulisema umesikiliza," na ni kweli nilisema, nikamwambia ni kweli, nilisikiliza, vidole bado viko juu ya pampu, baridi sasa, hapana, ya moto, imechemka kwa kuamka ovyo... na bintiangu amesikia haya, lazima amesikia, yeye husikia kila kitu, kiganja chake kimetoka kwenye mkono wa gia, hakionekani tena kwenye mwanya, sioni kitu ila kipande cha usukani, na anasema jambo, refu, si swali la pampu, sauti yake nyembamba inanifikia kama maji chini ya mlango, nasikia "baba", nasikia "wewe", halafu sisikii, na eeh yangu imeshafika mdomoni, imeshapanga midomo, ile eeh ya kununua muda, na nimeimeza, inauma kuimeza, mkunga ananitazama, lori jingine linapita, mkono bado umezama mpaka kwenye kiwiko, boneti bado liko juu kati yetu, nimemwambia bintiangu, "Rudia, mama. Sikukusikia."