Mlango Usiopitisha Tone

Jumamosi asubuhi mume alipiga magoti mbele ya mlango wa nje, akabandika utepe wa mwisho wa mpira kwenye fremu, akaisawazisha silikoni kwa kidole gumba. Majirani walimwita Mzee wa Nyufa, na jina hilo halikumkera. Mkewe alisimama nyuma yake ameshika mkasi, mkoba begani, akingoja apishwe. Dada yake alikuwa amempatia kazi kwenye karakana ya ushonaji. Cherehani moja ilikuwa wazi mpaka Jumatatu.

"Kuna mvua," mume alisema bila kugeuka. "Mtu na akili zake hatoki kwenye mvua. Ikikatika utakwenda."

Ndivyo alivyosema pia siku ya usaili wa mkewe wa chuo, na siku hiyo lilikuwepo wingu moja tu, tena dogo.

Alichana karatasi, akaibana mlangoni, akaivuta. Ikagoma. Karatasi ikiteleza, mlango una ufa. Akaiacha pale pale kama ushahidi.

Mchana mvua ya nje ilikatika, ya ndani ikaanza. Ilianzia usawa wa taa ya sebuleni, rasharasha kwanza, halafu mvua kamili. Mke akaondoa mito ya makochi na kufunika redio kwa beseni. Mume alitazama dari, ambayo ilikuwa kavu kabisa, kisha akainama kukagua kizingiti.

"Njoo uone," alisema. "Maji yamejaa hapa, na hakuna hata tone lililopita."

Jumapili maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Walikula chini ya mwavuli mmoja. Mume ndiye aliyeushika, akamwelekezea mkewe upande mkubwa. Bega lake mwenyewe lililowa chapachapa, wala hakulalamika.

Jumatatu dada mtu akagonga.

"We mdogo wangu, mbona hufungui? Jua la huku linatoboa utosi."

"Huku inanyesha, dada."

"Kubwa?"

"Ya wastani."

"Basi vaa mabuti utoke. Kuna msichana ameshaanza kuizungukazunguka ile cherehani, anaishikashika kama ya kwao."

"Shemeji," mume aliingilia kwa upole, "nikifungua sasa maji yote yatamwagika barabarani. Watu watatuonaje? Acha ikatike kwanza."

"Itakatika lini?"

"Mvua ni mvua, shemeji."

Kisha ile karatasi ikatikisika. Dada alikuwa ameishika ncha ya upande wake. Mke akasogea ndani ya maji, akaishika ya upande wa pili.

"Vuteni," mume alisema, uso umemchangamka. "Vuteni kwa nguvu, msiogope."

Wakavuta. Karatasi haikusogea huko wala huku. Ncha ya ndani, kwa kuwa ilikuwa imelowa, ikakatika na kubaki mkononi mwa mke, laini kama uji. Akasikia viatu vya dada yake vikishuka ngazi, taratibu, halafu akaacha kuvisikia, maana mpira ulikuwa mzuri.

Mume alipitisha kiganja juu ya fremu, karibu na bawaba. Hapo, alisema, alihisi kaupepo kadogo. Akapanda kwenye kiti na utepe mpya.

Mke alimpa mkasi kabla hajauomba.